Sponji ipi, Mhariri?

Mhariri,

Ukurasa wenu wa ujenzi nimeusoma miaka mingi bila kuandika neno. Taarifa ile ya kupunguza joto la mabati imenishinda. Mwandishi kawaambia watu "waweke sponji chini ya bati", basi, kamaliza.

Sponji ipi? Madukani hapa Arusha jina hilo limebeba polistirini nyeupe ya punje, polistirini ngumu ya rangi, povu la poliyurethani, hata sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo. Wengine huita zote Styrofoam, ambalo ni jina la biashara la ile ngumu ya rangi. Tofauti si ya maneno tu. Kazi ya kuzuia joto inayofanywa na milimita 25 za poliyurethani inataka kama milimita 38 za polistirini ya punje, na kama 40 za sufi ya kioo. Sasa mtu akiagiza "sponji inchi moja", kanunua nini?

Mwezi uliopita nilionyeshwa risiti ya nyumba moja ya Njiro: "sponji ya paa, inchi 2". Hakuna zaidi. Ilikuwa polistirini ya punje. Fundi akaibandika kwa gundi ya viatu, na kiyeyusho cha gundi ile hula polistirini, ikabaki mashimo. Palipobaki pazima, nyaya za umeme zimelala juu yake moja kwa moja. Polistirini hunyonya kilainishi cha ganda la waya, ile plastiki ya PVC, ganda likakakamaa na kupasuka baadaye. Waya upitishwe kwenye bomba, hilo halina mjadala. Na ingekuwa sufi ya kioo, angeibana kati ya bati na papi, zile mbao zinazoshika bati: roli ya milimita 100 ukiikandamiza ikawa 50, umetupa karibu nusu ya ulicholipia, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani yake. Foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa, nayo inaonewa. Ikigusa bati haina maana. Iachiwe nafasi ya hewa ya milimita 20 au 25, upande unaong'aa uelekee nafasi hiyo. Inafaa sana kwa jua la Moshi la mchana, lakini kwa baridi ya Arusha ya Julai, joto la ndani linapopanda kutokea paani usiku, msaada wake ni mdogo. Kelele za mvua za masika? Hiyo ni kazi ya sufi, si ya foili.

Tukiwa hapo hapo, mabati. "Geji 28" inayouzwa mitaani mara nyingi ukiipima ni nyembamba kuliko geji 30 halisi, wakati geji yenye namba ndogo ndiyo inayopaswa kuwa nene. Uliza milimita, muuzaji anakutazama kama umemtukana.

Ninapendekeza kila risiti iandikwe malighafi, unene kwa milimita na kiwango cha kupitisha joto. Duka lisiloweza liuze magodoro. Na mwandishi wenu apewe chumba Moshi, bati tupu bila dari, Februari, saa nane mchana, aandike toleo la pili akiwa humo humo.

Mdau wa ujenzi,
Sakina, Arusha