Ombi la sita lisimwangukie mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalowakera wanafunzi wa udaktari na uuguzi hapa Marekani bila wao kuelezwa chanzo chake, yaani ada ya hakimiliki inayodaiwa maktaba yao inapoagiza nakala ya makala kutoka maktaba nyingine. Kazi hiyo ya kuagiza ndiyo yangu katika chuo kimoja cha tiba.

Kifungu cha 108 cha Sheria ya Hakimiliki ya 1976, iliyoanza kutumika 1 Januari 1978, kinaziruhusu maktaba kupeana nakala za makala kwa ajili ya wasomaji, mradi tu jambo hilo lisigeuke njia ya kukwepa kulipia jarida. Kwa kuwa sheria haikutaja idadi, tume iliyoundwa na Bunge ilitoa mwongozo: maktaba isiyolipia jarida fulani inaweza, katika mwaka mmoja wa kalenda, kuomba nakala tano za makala zilizochapishwa humo ndani ya miaka mitano iliyopita. Kuanzia ombi la sita, maktaba nyingi hulipa mrabaha, yaani ile ada ya hakimiliki, mara nyingi kupitia Copyright Clearance Center, shirika linalokusanya ada hizo kwa niaba ya wachapishaji, kwa bei anayoipanga mchapishaji mwenyewe.

Maktaba zinazomtoza msomaji mrabaha huo ndizo ninazozilalamikia. Muuguzi aliyeomba makala mwezi Februari huipata bure, na mwenzake anayehitaji makala ya jarida lilelile mwezi Novemba hukuta nafasi tano zimekwisha kuchukuliwa na watu asiowajua, kisha deni huwa lake. Mimi mwenyewe nilimwambia mwanafunzi mmoja, katikati ya Desemba, kwamba akingoja hadi Januari hesabu itaanza upya na hatalipa kitu. Alikuwa na mgonjwa wodini, na niliona haya kumjibu hivyo.

Wakuu wa maktaba husema fedha hazitoshi, na si uongo, kwani majarida ya tiba ni ghali mno. Lakini mrabaha wa makala mbili tatu kwa kawaida ni nafuu kuliko kulilipia jarida zima kwa mwaka, kwa hiyo ni haki utoke katika fungu lilelile la kununulia majarida. Mwongozo wenyewe unaitaka maktaba itunze kumbukumbu za maombi kwa miaka mitatu kamili, na mwenye kuzisoma ataona ni majarida gani hufika ombi la sita kila mwaka, ambayo pengine yafaa kulipiwa moja kwa moja. Kwetu kumbukumbu hizo hukaa kabatini tu.

Tena, kabla ya kumdai mtu yeyote, mkutubi afungue kwanza PubMed Central, hazina ya makala za bure iliyopo tangu 2000. Mwaka jana tulilipa mrabaha wa makala iliyokuwa humo, na aliyeigundua alikuwa mwanafunzi, baada ya kutoa fedha zake.

Mkutubi,
Marekani