Kaburi lisilo na msalaba nalo ni kaburi

Mhariri,

Nimefundisha shule za msingi huku Kaloleni kwa miaka 31 na sijawahi kuliandikia gazeti. Leo nimeandika kwa sababu ya bikoni, alama ya saruji ambayo savea husimika kuonyesha mpaka.

Masika yaliyopita savea alikuja kupima mashamba yanayopakana na kaya yetu, yaani msitu wetu mtakatifu walimozikwa mababu. Jina la kaya silitaji, maana wanaotafuta mawe ya kuvunja nao husoma magazeti. Mashamba yale yanastahili kupimwa. Majirani wamengoja hatimiliki tangu nikiwa msichana, na mwanangu wa kuzaa ni mmoja wao. Lakini bikoni moja imesimikwa ndani ya miti, hatua 12 kutoka alipozikwa babu wa babu yangu. Hatua hizo nilizihesabu mwenyewe, miguu mitupu, kwa kuwa ndani ya kaya hatuingii na viatu.

Wazee walikwenda ofisini kulalamika nami nikawasindikiza, kwa sababu mimi ndiye ninayewaandikia barua zao. Tulipokewa na afisa kijana, mwenye adabu. Alitandaza ramani mezani akauliza, "Wazee wangu, makaburi yenyewe yako wapi? Mimi hapa naona msitu. Hakuna ua, hakuna msalaba, hakuna jiwe lenye jina." Mzee mmoja akamwambia majina yapo. Akalitaja la baba yake, na la aliyemzaa baba yake, akapanda hivyo hivyo mpaka akafika la saba. Kijana alisikiliza kwa heshima, ila hakuandika hata moja. Fomu aliyokuwa nayo haikuwa na nafasi ya kuyaandika.

Kaburi la kaya halijengewi. Ni tuta lililokwisha kushuka, jiwe la kawaida, pengine gae la chungu, na mti ambao hakuna anayethubutu kuugusa kwa panga. Babu yangu, tsawe, alinifundisha kuyaonyesha makaburi kwa ngumi, si kwa kidole. Kwetu mti ndio ua na mti ndio maandishi. Ukiukata umelifuta kaburi, na atakayefika hapo miaka mitano baadaye ataapa, bila kusema uongo, kwamba hapakuwa na kitu.

Najua nitaambiwa kaya tayari zinalindwa. Ni kweli, kwa sehemu. Tangu 1992 serikali imekuwa ikizitangaza kaya kuwa turathi za kitaifa. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakataza kuziharibu. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kadhaa katika orodha ya Turathi za Dunia: Kaya Fungo yetu ya Wagiriama, Jibana, Kambe, Kauma, Ribe, zile za Rabai na za Waduruma, mpaka Kinondo kwa Wadigo. Nilipiga vigelegele mbele ya darasa langu habari hizo zilipofika. Lakini tangazo la turathi linamwambia mtu asiharibu. Halimwambii ardhi ni ya nani. Savea hatembei na orodha ya UNESCO mfukoni. Anatembea na ramani ya mashamba, na kwenye ramani hiyo palipoachwa bila jina la mwenyewe ndipo panapomegwa.

Sheria ya kuliziba pengo hili tunayo. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na ile ambayo jamii inaitumia kama msitu wake, malisho yake au mahali pake pa matambiko. Ikiwa haijasajiliwa, serikali ya kaunti inaishika kwa amana tu, kwa niaba ya jamii. Kisha Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza namna ya kuisajili: watu wachague kamati yenye wanachama kati ya 7 na 15, ardhi ipimwe, cheti kitolewe kwa jina la jamii. Baada ya hapo hakuna wa kuiuza mpaka theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa wakubali. Theluthi mbili! Leo hii tunaogopa sahihi ya mtu mmoja.

Ninachoiomba Kaunti ya Kilifi, pamoja na wizara ya ardhi, ni kwamba kaya zipimwe kwanza, mashamba yanayozizunguka yafuate. Wiki chache zinatosha kuzungusha mipaka ya kaya moja wakiwapo wazee na vijana wa kubeba kamba. Mwanangu atangoja wiki hizo, nimemuuliza. Na Bunge la Kitaifa naliomba liongeze jambo moja katika sheria hiyo ya 2016: kwamba makaburi ya mababu yaandikwe kwa ushahidi wa mdomo wa wazee pale ambapo hakuna maandishi, na yakishaandikwa yasigeuzwe matumizi hata kwa hiyo kura ya theluthi mbili. Waliolala mle hawapigi kura.

Sisemi haya kwa kuota. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, kwa sababu hapo ndipo Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga, alipowalisha watu kiapo mwaka mmoja kabla. Walijua fika kwamba ukitaka kumvunja Mgiriama unaanza na kaya yake. Baadaye wezi walivifuata vigango, nguzo tunazowachongea wazee wa Gohu, chama chetu cha wazee wa heshima, waliofariki. Viwili vilivyoibwa kwa familia moja mwaka 1985 vilikutwa katika majumba ya makumbusho Marekani, vikarudi kijijini 2007. Jumba jingine, la Denver, lilikubali mwaka 2014 kurudisha 30. Nashukuru. Lakini kigango kinaweza kupandishwa ndege kikarudi. Kaburi lililosagwa kuwa kokoto limeshamwagwa barabarani, na magari yanapita juu yake.

Kuna jambo jingine ambalo kulisema kunaniuma. Huku kwetu wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukifuatilia huo uchawi unakuta shamba. Kila mzee wa kaya anayekatwa usiku anaondoka na ramani ambayo haimo katika ofisi yoyote: nani kalala chini ya mti upi, njia ipi haipitwi, fingo, ile kinga ya kaya iliyofukiwa ardhini, liko upande gani. Mzee aliyetaja majina saba pale ofisini sasa halali kwake. Analala kwa binti yake mjini, na mvi zake anazifunika kwa kofia hata wakati wa joto. Majina yale nimeyaandika katika daftari la mazoezi la kurasa 96. Si daftari la kukaa sandukuni kwa mwanamke mmoja mstaafu. Linatakiwa liwe kwenye faili ya ardhi, likiwa na muhuri.

Vijana wetu waliponiuliza kwa nini tusiing'oe tu ile bikoni usiku, niliwakataza. Kung'oa alama ya savea ni kosa, na sitaki mtoto wa mtu afungwe halafu iandikwe kwamba watu wa kaya ni wahuni. Kwa hiyo bado imesimama, saruji nyeupe katikati ya majani. Vuli ikianza tutaingia kaya na kitambaa cheusi na mtama kutoa sadaka ya mvua, kama kila mwaka, na safari hii njia yetu inapita kando yake.

Mwalimu mstaafu,
Kaloleni, Kilifi