Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kamba, Tuta na Saa 24 za Le Mans

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, vijana habari za kazi.

Naanza na manung'uniko, maana najua mmekuja nayo mfukoni. Fedha tulizotenga kwa ajili ya fulana za chama chetu cha magari hazikununua fulana. Zilinunua kamba, vigingi na vizima moto viwili, na zilikodi gari la wagonjwa kwa siku moja. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ililipitisha kwa shida, na kwenye kundi letu la simu fundi mmoja akanibatiza jina la Mwenyekiti Kamba. Nimelipokea. Hesabu atawasomea mweka hazina baada yangu. Mimi nitaeleza kwa nini nilifanya hivyo, na kwa kuwa mwaka mzima tumekuwa tukisoma habari za Le Mans, mbio za magari za saa 24 kule Ufaransa, maelezo yangu yatapitia huko huko.

Wasiokuwepo mkutano uliopita wajue tulivyofika hapa. Tulichoka na vikao vya kila mwezi vya kubishana nani ana gari kali. Ikapitishwa kwamba mwaka huu tusome historia ya mbio moja tu, kikao kwa kikao, na kura ikaangukia mbio za saa 24 za Le Mans. Wazee wawili walipinga, wakisema hayo ni mambo ya Wazungu ilhali Safari, rali yetu ya Afrika Mashariki, ipo. Hoja yao nitairudia. Vikao tisa vilifanyika, kimoja kiliharibiwa na mvua, na viwili tulikuwa wachache kiasi cha kutosha benchi moja.

Kilichonivutia mimi tangu mwanzo ni kwamba mbio zile hazikuanzishwa na serikali wala kiwanda kikubwa. Zilianzishwa na chama. Automobile Club de l'Ouest kilikuwa chama cha watu wa mkoa, chenye katibu mwenye bidii aitwaye Georges Durand. Yeye, mwandishi wa habari Charles Faroux na Emile Coquille, mtu wa biashara ya magurudumu ya Rudge-Whitworth, walikaa wakajiuliza: gari la kununuliwa dukani litathibitishwaje kwamba ni gari? Taa za siku zile zilikuwa hafifu na barabara zilikuwa vumbi na mawe. Wakaamua magari yatembee mchana na usiku kwenye barabara za kawaida za vijiji vya pale, mzunguko wa zaidi ya kilomita 17.

Tarehe 26 Mei 1923 magari 33 yaliondoka, mvua ikiwanyeshea. Kesho yake jioni 30 yalikuwa bado yanatembea. André Lagache na René Léonard, katika Chenard et Walcker, walikwenda kilomita 2,209. Rasmi hakukuwa na mshindi mwaka ule, kwa sababu kombe lenyewe lilipangwa kuamuliwa kwa miaka mitatu; utaratibu ambao hata sisi, kwa mapenzi yetu ya kuahirisha mambo, hatujaufikia.

Kanuni za awali zilichekesha na kufundisha. Kuna mwaka madereva walitakiwa kusimama, kupandisha paa la turubai kwa mikono yao na kuendelea nalo, ili ionekane kama linafanya kazi au ni pambo. Gari likiharibika, dereva alilitengeneza mwenyewe kwa vifaa alivyobeba ndani ya gari. Mwenzetu wa Gerezani akauliza: na akikosa spana? Basi amekosa. Kikao kizima kikanyamaza, maana kila fundi alikuwa anajikumbuka porini.

Dada yetu katibu ndiye aliyetuletea habari za Odette Siko. Mwaka 1930 yeye na Marguerite Mareuse walikuwa wanawake wa kwanza kushiriki, wakamaliza wa saba, na mwaka 1932 Siko akarudi na Alfa Romeo akashika nafasi ya nne ya jumla. Katibu alisoma, akafunga daftari, akatutazama. Hakuongeza neno. Ujumbe ulifika, na ndiyo maana orodha ya madereva wa mwaka ujao ina majina matatu ya akina dada.

Luigi Chinetti tulimpa kikao kizima, na bado nadhani hakikutosha. Mwaka 1949 mbio ziliporudi baada ya vita, aliendesha Ferrari 166 MM kwa saa karibu 23, mwenzake akishika usukani kwa muda mfupi tu, na hapo ndipo Ferrari iliposhinda Le Mans kwa mara ya kwanza. Watu walishangilia. Mimi niliwaambia subirini, kuna mwingine aliyejaribu hivyo hivyo. Mwaka 1952 Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Pierre Levegh aliendesha peke yake tangu kuanza, akiongoza, akikataa kumpisha mwenzake. Saa ya mwisho kabisa injini ikafa. Mercedes ikapita ikachukua ushindi. Lishikeni jina la Levegh.

Mwaka uliofuata, 1953, Jaguar walikuja na breki za diski. Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, si kwa sababu injini yao ilikuwa na nguvu kupita zote, bali kwa sababu waliweza kuchelewa kukanyaga breki kila kona, mchana na usiku, na breki hazikufa. Mafundi walitaka tukae hapo mwezi mzima.

Sasa nifike kwenye kamba.

Tarehe 11 Juni 1955, saa mbili na nusu hivi tangu mbio kuanza. Le Mans ya wakati ule haikuwa na ukuta kati ya njia ya mbio na mahali magari yanaposimama kujaza mafuta. Lilikuwa eneo moja, barabara ile ile nyembamba. Upande wa pili walisimama watazamaji, wamebanana, mbele yao pana tuta la udongo lisilozidi kimo cha mtoto. Mike Hawthorn na Jaguar yake alimpita Lance Macklin wa Austin-Healey, kisha akapunguza mwendo kuingia kujaza mafuta. Breki zake zilikuwa zile za diski. Macklin akakwepa kushoto. Nyuma yake alikuwa anakuja Levegh, yule yule, sasa ana miaka 49 na amechukuliwa na Mercedes. Hakuwa na nafasi. Gari lake lilipanda mgongo wa Austin-Healey kama linapanda ngazi, likapiga tuta na kupasuka. Boneti, injini na ekseli ya mbele viliruka katikati ya watu. Bodi yake ilikuwa ya madini mepesi yenye magnesi, na moto wa magnesi ukiumwagia maji unazidi. Watazamaji zaidi ya 80 walikufa, na Levegh naye.

Mbio hazikusimamishwa. Waandaaji walisema watu wote wakiondoka kwa pamoja, barabara zitajaa na magari ya wagonjwa hayatapita. Tulibishana sana juu ya hilo, na mimi hadi leo sijaweza kusema walikosea, ingawa sipendi kulisema kwa sauti. Usiku wa manane Mercedes, waliokuwa wakiongoza, waliamriwa kutoka makao makuu wayatoe magari yao. Mwisho wa mwaka ule waliacha mbio kubwa za namna hiyo, wasirudi kwa miaka mingi. Hawthorn na Ivor Bueb waliendelea wakashinda. Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari za mzunguko na marufuku ile ilidumu zaidi ya nusu karne. Le Mans wenyewe walivunja lile eneo lote wakalijenga upya.

Mnajua kwa nini naeleza hivi. Siku yetu ya majaribio mwaka juzi, pale kiwanjani, gari la mmoja wetu lilikosa kona ya tatu likapanda kile kichuguu ambacho watoto huwa wanakaa kwa sababu kinaonyesha vizuri. Siku ile watoto walikuwa wameitwa kunywa soda. Hiyo ndiyo hatua pekee ya usalama tuliyokuwa nayo: soda. Hakuna aliyeumia, tukacheka, tukapiga picha za tairi zilizozama. Nilipokuwa naandaa kikao cha 1955 nikakuta habari za lile tuta la udongo, nikakumbuka kichuguu chetu, nikashindwa kumaliza chai. Kesho yake nikaenda Kariakoo kuuliza bei ya kamba.

Anayetaka fulana bado anaweza kunisema. Mwaka huu watazamaji walikaa mita thelathini nyuma, walilalamika hawaoni vizuri, na gari la wagonjwa lilirudi tupu.

Kuna kisa kingine cha aina hiyo ambacho vijana walikipenda zaidi. Zamani Le Mans ilianza kwa madereva kukimbia kwa miguu kuvuka barabara, kurukia magari na kuondoka. Wengi waliondoka bila kufunga mkanda, wakiufunga wakiwa njiani. Mwaka 1969 kijana wa Kibelgiji, Jacky Ickx, aliona huo ni wazimu. Bendera iliposhushwa wenzake walikimbia, yeye akatembea. Alitembea kama mtu anayekwenda dukani, akaingia kwenye Ford GT40, akafunga mkanda taratibu, akaondoka wa mwisho. Mzunguko wa kwanza haujaisha, John Woolfe alikufa katika Porsche 917, hakuwa amefunga mkanda. Baada ya saa 24 Ickx na Jackie Oliver walishinda, wakimwacha Hans Herrmann wa Porsche kwa mita 120 hivi. Mwaka uliofuata madereva walianza wakiwa wamekaa ndani wamejifunga. Ickx alishinda Le Mans mara sita kwa jumla.

Nisahihishe jambo moja lililosemwa kikaoni kwa kujiamini, pengine na mimi. Mazda 787B yenye injini isiyo na pistoni, iliyoshinda 1991, haikupigwa marufuku kwa sababu ilishinda. Kanuni za injini za lita 3.5, ambazo ndizo zilizoiondoa, zilikuwa zimeshaamuliwa kabla.

Na Toyota, kipenzi chetu sote hapa, walikwenda Le Mans kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Mwaka 2016 Kazuki Nakajima alikuwa anaongoza, zimebaki kama dakika tatu, gari likakosa nguvu na kusimama mbele ya wafanyakazi wake mwenyewe. Porsche ikapita. Kilichoharibika ni kiungo cha bomba la hewa kati ya tabo, inayosukuma hewa kwenye injini, na intakula, inayoipoza hewa hiyo. Kila mwenye gari la tabo ukumbini aliguna. Walishinda hatimaye mwaka 2018, Nakajima akiwemo, kisha mfululizo hadi 2022.

Mbio za mwaka 2025 tulizitazama pamoja tarehe 14 na 15 Juni, zikianza saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Umeme ulikatika usiku wa kati, tukabaki na simu mbili zenye chaji na watu ishirini na kitu. Alfajiri mama mwenye nyumba alituletea uji bila kuombwa, na namshukuru rasmi hapa. Ferrari ya njano namba 83 ilishinda, ya Robert Kubica, Ye Yifei na Phil Hanson, ikiitangulia Porsche kwa sekunde 14 tu baada ya siku nzima. Kubica ndiye aliyeufunga mchezo. Huyu mwaka 2011, kwenye rali huko Italia, kingo ya chuma ya barabara ilipenya ndani ya gari lake na ilibaki kidogo apoteze mkono wa kulia. Ilikuwa kingo iliyowekwa kwa ajili ya usalama, kwa hiyo nakiri mbele yenu kwamba hata kamba inafungwa kwa akili.

Sasa wazee wangu wawili. Mlisema Le Mans si yetu. Lakini tuliposoma tuliwakuta jamaa wale wale. Peugeot iliyoshinda kule mwaka 1992, 1993 na 2009 ndiyo ile ambayo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliishindia Safari mwaka 1966 na 1967 kwa gari aina ya 404, wakati mbio zikipita nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Toyota ilichukua Safari kila mwaka tangu ilipoingizwa tena kwenye ubingwa wa dunia, 2021, hadi 2025. Na Porsche, mabingwa mara 19 kule Ufaransa, waliihangaikia Safari miaka yote ya 1970 wakaambulia nafasi ya pili mara tatu. Mwaka 1974 aliyewaacha alikuwa Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. Tope la kwetu halikuwaogopa. Kwa hiyo napendekeza mwaka ujao tusome Safari tangu 1953, na wazee hao hao wawili watuongoze, kwa kuwa mmoja wao aliiona ikipita kwa macho yake.

Yaliyobaki ni madogo. Ada haijapanda. Nafasi ya makamu iko wazi na fomu ziko kwa katibu. Kamba zimehifadhiwa kwangu. Anayezihitaji kwa shughuli ya harusi au msiba aandike jina kwenye daftari, na azirudishe zikiwa zimekauka.