Kabla hajapanda ndege, andikisheni hiyo ndoa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee juu ya jambo ambalo naliona kila mara hapa Kondele, Kisumu, mahali niko na saiba ndogo. Watu wanakuja kwangu kuskani vyeti, kujaza fomu za eCitizen, kuprinti statement za M-Pesa, na siku hizi wengi ni wale ambao mume au mke yuko Kanada anasoma na huyu aliyebaki anataka kumfuata akiwa na pamiti ya kazi. Mimi si ajenti wala wakili na sichukui pesa ya mtu kumpa ushauri, kazi yangu ni mashine tu, lakini ukishika makaratasi ya watu kwa muda mrefu unaanza kuona yanakwama wapi, na mengi yanakwama hapa hapa nyumbani, hata kabla yule mwanafunzi hajapanda ndege.

Nianze na lile linaloniuma zaidi. Kuna maajenti wanaowaambia vijana wetu wakati wa kujaza fomu ya masomo waandike kwamba hawajaoa au hawajaolewa, ati ukisema una bibi ubalozi utaona unataka kuhama na familia yote na watakunyima viza. Kijana anasikiza, anaandika hana mke, viza inatoka, watu wanachinja kuku wanashukuru Mungu, anaenda. Baadaye akishatulia huko anamwandikia mkewe WhatsApp, sasa anza process. Mke anakuja kwangu tunafungua akaunti, na fomu inamuuliza ameolewa na nani na tangu lini. Hapo ndipo naona mtu anabadilika uso, manake tarehe ya ndoa anayotaka kuandika iko nyuma kabisa ya ile siku bwana aliiambia serikali ya Kanada kwamba hana mke, na fomu hizo mbili zinaenda kwa ofisi moja. Sheria yao ya uhamiaji kwenye kifungu cha 40 inasema ukidanganya au ukificha jambo la maana unaweza kufungiwa kuingia nchi hiyo kwa miaka 5. Haimfungii ajenti. Yeye atakuwa ameshakula pesa na kubadilisha namba ya simu, anayebaki kuumia ni mume aliye darasani kule na mke aliye na watoto hapa.

Kama kuna mtu anasoma hii na tayari aliandika hivyo, tafadhali usiongeze uongo wa pili juu ya wa kwanza kwa kuandika tarehe ya ndoa ya kubuni. Mwanafunzi mwenyewe aandikie idara yao ya uhamiaji arekebishe kabla hawajamuuliza, na atafute mtu mwenye leseni amsaidie kuandika. Wenye leseni ni mawakili wa kule na wale washauri walioandikishwa na chombo chao kinachosimamia washauri wa uhamiaji, na orodha yao iko wazi kwenye intaneti, unaandika jina unaona kama yumo au hayumo. Ajenti wako akikataa kukupa jina lake kamili uangalie, mwache.

Sasa jambo la pili, na hili ni letu sisi watu wa huku Nyanza na Magharibi zaidi ya watu wengine. Juzi alikuja dada mmoja kutoka Ahero na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na barua ya chifu yenye stempu, picha za siku ya ayie, yaani ile pesa mama wa msichana anapewa kwanza kwa mahari ya Kijaluo, mama yake amekaa kwa kiti amejifunga leso mpya, picha nyingine ng'ombe wawili wakishushwa kwa pikapu na vijana wamewashika kamba, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la baba. Kijiji kizima kinajua huyo ni mke wa mtu, hakuna anayebisha. Lakini kwa ile peji ya kupakia dokumenti kuna mahali wanataka cheti cha ndoa, na hana. Nikamuuliza kwani hamkuandikisha, akaniambia bwana alisema wangoje amalize ng'ombe kwanza.

Hilo la kumaliza ng'ombe nimelisikia kwa Wajaluo, nimelisikia kwa Waluhya, na ningependa kila mtu ajue vile sheria inasema. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inatambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisa, ya serikali, ya Kiislamu na ya Kihindu, na kifungu cha 43 kinasema pale ambapo mahari inahitajika, kutoa hata kiasi kidogo cha ishara kunatosha kuthibitisha ndoa. Kwa hiyo hata kama umepeleka ayie na ng'ombe mmoja, na wazee wamekubali, ndoa ipo, ng'ombe wengine utamalizana na wakwe zako pole pole vile wazee wetu wote walifanya. Halafu kifungu cha 55 kinasema mkishamaliza desturi mwende kwa msajili ndani ya miezi 6 mchukue cheti, na wote wawili mfike wenyewe. Hapo kwa wote wawili kufika ndipo watu wanaumia. Mmoja akiwa Winnipeg na mwingine akiwa Ahero mtafika namna gani? Inabidi yule mwanafunzi arudi, akate tiketi ya kuja na kurudi, akose masomo, kwa sababu ya kitu ambacho wangefanya asubuhi moja hapa mjini wakati alikuwa bado nyumbani akingoja viza. Wale wanaotaka ndoa ya serikali nao kwa kawaida kuna notisi ya siku 21 kabla hamjafungishwa, kwa hiyo aliyepata viza leo na ndege ni wiki ijayo anaweza kuwa ashachelewa.

Kuna watu wataniambia Kanada inakubali pia watu walioishi pamoja bila cheti. Ni kweli, wanataka muwe mmekaa pamoja kama mume na mke miezi 12 mfululizo, mnajaza kiapo kwa fomu inayoitwa IMM 5409, na mnatoa ushahidi. Lakini angalia maisha yetu hapa vile yalivyo. Nyumba Nyalenda au Manyatta ni ya landilodi, hakuna mkataba wa kuandika, rent inaenda kwa M-Pesa ya mtu mmoja, mita ya tokeni iko kwa jina la landilodi, maji ni ya mtungi. Mtu ameishi na mkewe miaka mingi na hana karatasi hata moja yenye majina yao wawili. Kwa hiyo nawaambia wanandoa wanaofikiria mambo ya masomo ya nje, hata kama safari iko mbali, waanze sasa: muandikane kwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, mwombe landilodi awaandikie mkataba wenye majina yote mawili, mwenye kazi aandike mwenzake kama mrithi kwa kazi na kwa Sacco, cheti cha mtoto kiwe na majina ya wazazi wote. Hizo karatasi hazina gharama kubwa na zote zinasaidia hata mtu akiwa hasafiri popote.

Jambo la tatu ni kwamba sheria zenyewe zimebadilika na maajenti wengi bado wanauza zile za zamani. Kulikuwa na wakati mke au mume wa mwanafunzi wa karibu kozi yoyote ya chuo kule alikuwa anapata ile pamiti ya wazi, yaani haijafungwa kwa mwajiri mmoja, unafanya kazi popote. Mlango ulianza kufungwa tarehe 19 Machi 2024, na tangu 21 Januari 2025 umekuwa mdogo zaidi. Sasa hivi ni mwenzi wa anayesoma PhD, au masters ya miezi 16 kwenda juu, au digrii fulani za taaluma kama udaktari, famasia, uuguzi, sheria, ualimu na uhandisi. Anayeenda kufanya diploma, au ile masters fupi ya mwaka mmoja, mwenzake hapati pamiti kwa njia hiyo. Na bado hapa mjini naona vibango vinasema nenda usome familia ifuate. Mtu anauza shamba la babake akijua mke atafanya kazi ya kulea wazee kule walipe fees pamoja, kumbe kozi aliyotafutiwa ni ya miezi 12. Ninasema kabla hujalipa chochote uliza kozi ni ya miezi mingapi, na uione imeandikwa kwa ile barua ya chuo, usikubali ya mdomo.

Na wasidhani nchi zingine ni rahisi. Uingereza tangu 1 Januari 2024 wanafunzi wengi wa masters za kawaida hawaruhusiwi kuleta familia kabisa, wamebaki wale wa PhD na utafiti na wale walio na skolashipu ya serikali. Marekani mke wa mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anapewa F-2, na F-2 haifanyi kazi, anaweza kukaa huko miaka yote bila kugusa mshahara. Ni wale wa J-2 peke yao, yaani wenzi wa walioenda kwa viza ya J-1 ya programu za kubadilishana, wanaoweza kuomba ruhusa ya kazi. Kanada bado ina nafasi, ndio maana nataka watu wetu wasiipoteze kwa mambo madogo.

Gharama nitaitaja haraka. Ada ya pamiti ni dola 155 za Kanada, juu yake 100 kwa sababu ni ya wazi, na 85 za alama za vidole, jumla 340, yaani zaidi ya elfu thelathini za Kenya, na wakikukataa ile ada ya kushughulikia ombi hairudi. Hizo unalipa mwenyewe kwa kadi ya benki kwenye tovuti ya serikali yao. Nimeona mtu akiitishwa laki na zaidi, akiambiwa yote inaenda ubalozini. Alama za vidole ni mpaka ufike Nairobi, na zikichukuliwa zinakaa miaka 10. Vipimo vya afya navyo lazima vifanywe na daktari waliyemwidhinisha wao, na usivipuuze hivi, manake bila vipimo pamiti inaweza kutoka imeandikwa usifanye kazi ya hospitali wala kulea watoto, na hizo ndizo kazi dada zetu wengi wanaenda kutafuta.

Sasa ombi langu, Mhariri. Hapa Eldoret jirani tuliona wazazi wakiandamana 2023 kwa ajili ya pesa za masomo ya Finland na Kanada, na tangu hapo watu wanaongea sana juu ya wanafunzi, na ni vizuri. Lakini hakuna anayeongea na wale wanaobaki. Wakati kanisa linafanya harambee ya kumsafirisha kijana, mchungaji amuulize mbele ya wazee, huyu mkeo mmeandikisha? Kwenye vikao vya kuaga na hapo pia wamwite mke akae karibu, aonyeshwe nakala ya fomu bwana aliyojaza, asome vile aliandikwa. Ni haki yake. Nimeona wanawake wakijua kwa kompyuta yangu kwamba kwa makaratasi ya bwana wao hawapo, na mimi niliyekaa hapo na mausi mkononi sina la kumwambia.

Na kwa ofisi ya msajili wa ndoa, mmeweka maombi kwa eCitizen na tunashukuru, lakini kufika bado ni lazima watu wafike, na mtu wa Usenge au Mbita akija mjini na mashahidi wake ni nauli, chakula na siku nzima ya kazi imeisha. Tunaomba msajili awe anafika kwa Huduma Centre za Siaya, Homa Bay, Vihiga na Busia kwa siku inayojulikana kila mwezi, na hizo tarehe zitangazwe Ramogi FM na Mulembe FM kwa lugha ambayo mama yangu anaelewa, pamoja na kile kifungu cha 43, ili hakuna mtu atasema tena anangoja kumaliza ng'ombe.

Mwenye saiba,
Kondele, Kisumu