Kapo siyo ya wanaojifunza tu

Mhariri, naomba kanafasi. Huku Sinza wapiga gita wengi wanamcheka mtu akibana kapo (kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye shingo ya gita) eti hajui kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, jamani siyo kweli! Kapo ikikaa freti ya 2 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gita) sauti inapanda toni moja nzima, uzi unakuwa mfupi, gita kavu, lisilo la umeme, linalia jepesi linang'aa, na nyuzi ambazo hujazigusa bado zinalia huru, kodi ya kulaza kidole kizima haikupi hiyo. Ukishusha uzi mnene toka noti ya E mpaka D besi inajaa ila uzi unalegea unaanza kugonga freti, basi weka nyuzi nene kidogo. Na kapo ikae karibu na freti, ukikaza sana tyuni inaharibika, halafu lawama anapewa muimbaji.

Mpenda gita, Sinza, Dar es Salaam