Matuta yaongezwe, ila yajengwe na mtu anayejua baiskeli

Mhariri, salaam kwako na kwa wote hapo gazetini. Nimesoma barua ya yule msomaji aliyelalamikia matuta ya barabarani hapa Dar, kwamba yamezidi, yanaua shokapu, yanaleta foleni, na yafumuliwe yote. Kwenye shokapu namuelewa kabisa, kuna matuta mengine huku kwetu hata mimi wa baiskeli yananiacha na kiuno. Lakini kuyafumua yote, hapana jamani, hapo kaongea mtu ambaye barabara anaiona kupitia kioo cha gari tu.

Mimi naishi Tabata na kazini ni Kariakoo, naenda kwa baiskeli, hata kilomita 10 hazifiki, natokea Mandela, nakunja Buguruni nashika barabara ya Uhuru mpaka Karume na kuendelea. Watu huniuliza siogopi foleni? Foleni mbona ndo raha yenyewe, magari yamesimama, wewe unapita zako. Shughuli inaanza foleni ikiachia, hapo daladala iliyochelewa inawahi hesabu ya tajiri, yaani hela ya kila siku ya mwenye gari, inatanua pembeni, na pembeni ndo nilipo mimi. Honi unapigiwa huku umebakiza hatua moja uingie mtaroni, mtaro wenyewe hauna mfuniko, na lami pembeni imekatika kama ngazi, tairi likishuka tu kulirudisha juu ni kazi.

Sasa ukisema hivi mtu anakwambia dawa ni kujenga njia za baiskeli. Si zipo! Ilipojengwa njia ya mabasi ya mwendokasi Morogoro Road, mabasi yakaanza 2016, pembeni zikawekwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, na mwaka 2018 jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Nenda Manzese au Magomeni jioni ukaitafute hiyo njia. Bodaboda wamepaki wanasubiri abiria, kuna meza ya mihogo, kuna gari ya mtu imepandishwa juu kabisa na taa za hazadi inawaka ati anarudi sasa hivi. 2021 machinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara pakapitika kwa muda, baadae mdogomdogo mambo yakarudi kulekule. Na machinga mimi simlaumu sana maana mteja wake ndo anapita hapo, mwenye gari ndo simuelewi.

Ila hata zile njia zingekuwa nyeupe, bado baiskeli nyingi za mji huu haziko huko. Angalia anayepanda baiskeli Dar ni nani. Acha wale wa helmeti na nguo za kubana wanaokwenda Bagamoyo wikiendi, hongera zao. Namzungumzia muuza madafu anayeisukuma baiskeli imejaa huku na huku mpaka yeye haonekani, mwenye tenga la samaki katoka Feri, wa mkaa, wa mayai, fundi wa vyerehani na mashine yake nyuma. Hawa wanashinda mitaani, Kimanga, Segerea, Vingunguti, Tandika, na huko mitaani ndo mambo yamebadilika bila mtu kutangaza.

Zamani trafiki wetu alikuwa mashimo. Gari lilikuwa linatambaa lenyewe bila kuambiwa na mtu. Lami ikaja, tukafurahi kweli, vumbi limeisha, bajaji inafika mpaka mlangoni, lakini haikuchukua muda wanaokwepa foleni ya barabara kubwa wakagundua kuna njia ya mkato, na mtu aliyekaa nusu saa kwenye foleni akipata lami tupu mbele yake anafidia muda wote alioupoteza hapohapo, katikati ya watoto wanaotoka shule. Wananchi nao wakachoka. Usiku vijana wanachangishana saruji, wanamwaga zege, wengine wanazika matairi nusu au wanalaza gogo, asubuhi unakuta tuta lina ncha, halina rangi wala kibao. Hilo ndo linalovunja shokapu ya msomaji mwenzangu, lakini anayelipata zaidi ni muuza mayai.

Kuna mmoja hupita mtaani kwetu, trei zimepangwa kwenye keria zimefungwa na mpira. Akifika kwenye tuta kama hilo anashuka, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kakumbatia trei, ananyanyua tairi la mbele taratibuuu, la nyuma analisukuma kwa paja, na wakati huo bodaboda iko mgongoni kwake honi haikatiki. Utasema si apite pembeni kwenye upenyo wa maji? Upenyo huo ndo bajaji na bodaboda zinapouchepukia, tena bila kupunguza, kwahiyo mwenye baiskeli anakutana nao uso kwa uso kwenye nafasi isiyozidi mita moja. Hapo ndo najua aliyelijenga lile tuta alikuwa anawaza gari tu.

Tuta la kitaalamu siyo siri. Ile aina maarufu ina kama mita 3.7 ukipima kwa kufuata barabara na kimo kisichozidi sentimita 10, mgongo umelala. Baiskeli yenye mzigo inalipanda bila mtu kushuka, gari likienda taratibu halisikii kitu, likienda kasi dereva anakoma. Lingine ni la juu bapa lenye zebra hapohapo, mtoto anavuka akiwa juu na dereva anamuona. Upenyo wa pembeni ukiwepo, chomeka nguzo fupi, baiskeli ipite na bajaji ibaki barabarani. Bodaboda itapenya tu, najua, lakini kwa adabu.

Mtaniambia sheria ipo, mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kwanza 50 kwenye mtaa usio na njia ya miguu ni nyingi, ndo maana mwaka 2020 kwenye mkutano wa dunia wa usalama barabarani pale Stockholm wakataja 30 kwa sehemu ambazo magari, baiskeli na watu wanachanganyika. Ni ileile fizikia ya sekondari, gari la 60 linakugonga na nishati mara nne ya gari la 30, siyo mara mbili. Pili, kibao nani anakisoma? Trafiki akikaa na tochi ya kupima mwendo madereva wanawashiana taa, wakimpita wanakanyaga tena. Tuta haliendi kunywa chai.

Na ushahidi tunao hapahapa Dar. Shirika la Amend lina mpango wake wa kuboresha barabara zinazozunguka shule za msingi, matuta, zebra, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari, vitu vya bei ndogo tu, na tathmini ilionesha watoto wanaoumia walipungua kwa kama robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya World Resources Institute. Wageni wanakuja kujifunza kwetu, sisi tunaandika barua yafumuliwe.

Kwa barabara kubwa sibishani na mtu, huwezi kuweka tuta kwenye njia 8 za Kimara hadi Kibaha, pale ni taa na madaraja ya kuvukia. Naongelea barabara za mitaa, za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini. Ombi langu ni matuta yawe ndani ya mkataba wa lami tangu siku ya kwanza, yachorwe kwenye ramani pamoja na mitaro. Maana sisi tulishapeleka barua ofisi moja inayohusika, wakatujibu vizuri tu kwamba lami imeshakabidhiwa, tuta ni bajeti nyingine, tusubiri mwaka ujao wa fedha. Wiki iliyofuata vijana wakapita nyumba kwa nyumba na daftari, buku buku, yaani elfu moja moja, za saruji. Nilitoa.

Mpanda baiskeli,
Tabata, Dar es Salaam