Waleteni vijana wa fildi karakanani

Mhariri,

Mwezi wa nane mwalimu wa chuo kimoja alikuja karakanani kwangu hapa Unga Limited kumkagua mwanafunzi wake aliyekuwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo. Alisimama mlangoni na fomu mkononi, akatazama ndani, akatazama nje, kisha akaniuliza, "Mzee, kiwanda chenyewe kiko wapi?" Nikamwambia ameshakikanyaga, aangalie tu asiteleze kwenye oili.

Hakucheka. Fomu yake ilitaka jina la kampuni, idara aliyopangiwa mwanafunzi na jina la meneja uzalishaji. Mimi nina mashine mbili za kukereza, drili moja ya kusimama, mashine ya kuchomelea na vijana watatu. Meneja uzalishaji ni mimi, mhasibu ni mimi, na anayefuata chai siku kijana asipokuja ni mimi pia. Mwalimu akasema huenda wakamhamisha binti, kwa kuwa mahali hapa "hapana mfumo wa uzalishaji". Neno hilo ndilo limenifanya nikuandikie.

Binti mwenyewe anasoma teknolojia ya uzalishaji viwandani, stashahada, mwaka wa pili. Baba yake kule Moshi alitaka asome uhasibu, na mpaka leo akiulizwa na majirani husema mwanawe anasomea "mambo ya mashine". Mimi nami nilidhani hivyo hivyo. Na kwa kuwa nakereza vyuma tangu 1994, niliona hana cha kuniambia, siku ya kwanza nikampa ufagio. Siku ya pili pia. Nalisema hili ili isionekane nalaumu wengine tu.

Siku ya tatu tulianza oda ya pleti 50 za mashine za kukoboa mahindi, kila moja na matundu manne ya bolti. Kazi tuliifanya kama siku zote: unapima, unachora kwa bikari, unagonga senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kuweka alama ya tundu, unatoboa. Binti akaomba akae juu ya ndoo karibu na drili, simu mkononi. Nikajua anachati. Jioni akanifungulia daftari. Tulikuwa tumemaliza pleti kumi, kila moja dakika 26, na katika hizo drili ilikata chuma dakika tisa tu. Nyingine 17 ziliishia kwenye kupima, kutafuta senta panchi iliyokuwa hapa sasa hivi, na kubishana kama mstari umenyooka. Tatu katika zile kumi bolti hazikuingia, ikabidi tupanue matundu kwa tupa.

"Mzee," akasema, "Toyota kule Japani upotevu wa namna hii wanauita muda." Nikamwuliza muda kwa Kijapani ndiyo nini. Akasema ndiyo huo huo, upotevu. Vijana wangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Akatueleza kwamba Taiichi Ohno, aliyeujenga utaratibu wa Toyota, aliorodhesha aina saba za upotevu: kungoja imo, kutembeatembea imo, kitu kibovu cha kurudiwa imo. Hizo tatu sisi tulikuwa tumezikamilisha kabla ya chai ya saa nne.

Akataka tutengeneze jigi. Ni pleti nene yenye matundu manne yaliyopimwa mara moja kwa uangalifu. Unaifunga juu ya kazi, drili inapita humo humo, basi. Hakuna bikari, hakuna senta panchi. Kwenye matundu tukapachika bushi, vibomba vya chuma vya kuongoza drili, nilizokereza kutoka kwenye shafti iliyovunjika ya lori, tukazichoma mpaka zikaiva nyekundu na kuzizamisha kwenye oili zikomae, maana bila hivyo drili ingezitafuna ndani ya wiki. Bushi mbili alizikataa. Aliweka maikromita, kile kipimo cha vitu vidogo sana, akaniambia zimezidi. Kwenye karakana yangu mwenyewe!

Jigi lilikula siku moja na nusu, yaani saa 12 za kazi, na mteja anapiga simu. Pleti 40 zilizobaki zikatoka kwa dakika 14 kila moja, bolti zote zikaingia bila tupa. Nikapiga hesabu: tumeokoa saa nane. Nikamwambia, binti, umenitia hasara ya saa nne. Hakubisha. Alichukua chaki akaandika ukutani "60", akasema jigi halitengenezwi kwa ajili ya oda ya kwanza; pleti ya 60 ikitoka humo litakuwa limejilipa, kuanzia hapo ni faida yangu. Mwezi uliopita mteja amerudi na oda ya pleti 30.

Kama huo si uzalishaji, mwalimu aniambie ni nini.

Mwenzake wa darasa moja alipata nafasi kwenye kiwanda chenye geti na mlinzi. Wiki nane alihesabu makatoni stoo, mashine akiziona kupitia dirishani. Daftari lake la fildi lina mihuri mizuri sana. Muhuri wangu umemeguka pembeni.

Kaka yangu alijifunzia kazi General Tyre, enzi matairi yanatoka hapa hapa Arusha. Kiwanda kile kilishasimama. Vijana wanaomaliza vyuo wanaongezeka, na mageti ya kuwapokea ni yale yale machache. Hapa mjini tunao TEMDO na CAMARTEC wanaobuni mashine, lakini mashine ikishabuniwa moja, lazima awepo wa kuifanya ziwe mia zinazofanana. Mafundi wa mtaani tunajua sana kutengeneza moja. Mia zinazofanana ndizo zinazotushinda, na hilo ndilo hasa vijana hawa wanalofundishwa darasani.

Kweli, karakanani hakuna mashine zinazoongozwa na kompyuta, na kijana asipoziona kabisa atakuwa amepunjwa. Basi wiki nane zigawanywe, nne kiwandani na nne kwetu, au ziongezwe. Binti aliondoka ndiyo kwanza ameanza kupanga upya mahali zinapokaa mashine zangu. Na mkaguzi akija, aombe kuona kitu alichotengeneza mwanafunzi kabla hajauliza idara. Kwenye ile fomu, palipoandikwa idara, binti alijaza "zote".

Nafasi mbili ninazo kuanzia Januari. Waje na viatu vigumu, ndala hapana. Ufagio safari hii tutashika kwa zamu, na mimi nimo.

Mkereza vyuma,
Unga Limited, Arusha